Mwanamke wa Mikokoni Aliyemshika Saumu Mkono

Hili sikuhadithiwa na mtu. Lilinipata mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu timamu na mtoto wangu mbele ya macho yangu. Usipoamini sitakulaumu, maana hata mume wangu hadi leo hunisikiliza tu, kisha akaanzisha habari nyingine.

Mwanangu wa pekee anaitwa Saumu. Wakati huo alikuwa na miaka mitano. Masikio yake yanasikia kupita kiasi. Kifuniko cha sufuria kikianguka, kwake ni kama nyumba imeporomoka. Nguo yenye lebo shingoni haivai. Na kubwa kuliko yote, hapendi kuguswa. Ukimshika mkono, anauchomoa kama aliyeshika kaa la moto. Kliniki walitueleza kwamba ndivyo alivyoumbwa, hana ugonjwa wala shetani. Nilielewa. Lakini kuelewa hakuzuii kutamani. Umewahi kuwatazama wenzako wakipita barabarani wameshikana mikono na watoto wao, ukageuza uso?

Idi ya mwaka huo, baba yake, Omari, alipata mapumziko ya siku mbili kwenye hoteli anakopika, akasema tumtembeze mtoto kama wenzake. Tukampeleka kwenye mabembea pale Ukunda. Jenereta linanguruma, vipaza sauti vinashindana. Hata dakika kumi hatukumaliza. Saumu alijitupa chini akijipiga kichwa, watu wakatuzunguka, na mmoja akanishauri nimchape. Kesho yake tukajaribu boti ya kioo Diani, ile ya kutazamia samaki. Injini ilipowashwa akapiga ukelele, nahodha akaturudisha ufukweni.

Omari akarudi kazini. Mimi nikakaa nikafikiri upya: mtoto huyu anataka kimya, kivuli, na watu wachache. Nikakumbuka daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko kule Gazi. Nikachagua Jumanne alasiri, siku isiyo na wageni. Mama anayekaa mlangoni akaniambia, "Leo mko peke yenu, dada. Tembeeni mpaka mwisho, ila magharibi isiwakute humo."

Saumu alitulia tangu hatua ya kwanza. Akawa anainama kutazama kaa wanavyoingia matopeni. Mimi nilimfuata nyuma, hatua tatu, kama apendavyo. Nilikuwa na ule uchovu usioondoka kwa kulala. Nikajikuta nasema peke yangu, "Laiti angetokea mtu anayemwelewa, akanishikia hata siku moja."

Nilipoinua macho, mwanamke alikuwa amesimama mbele ya Saumu. Wa makamo, amejifunga leso mbili za rangi ya udongo. Sikumwona akija, na daraja lile lina njia moja tu. Nikamwamkia, "Shikamoo."

"Marahaba," akaitika, kwa sauti ndogo ambayo niliisikia kana kwamba ameniinamia sikioni. Kisha akanyoosha mkono, na Saumu akaushika.

Niamini ninachokwambia. Mtoto yule aliushika mkono mwenyewe, akauweka shavuni. Wakaenda pamoja. Mbao zililia chini ya miguu yangu, zikalia chini ya miguu ya Saumu aliye mwepesi. Chini ya yule mwanamke hazikulia. Niliona, nikazidi kuwafuata. Ningesema nini, na mwanangu alikuwa anacheka?

Daraja linapoishia pana ngazi za kushukia majini, na maji yalikuwa yanajaa. Mwanamke akageuka.

"Kwenu kuna kelele nyingi," akasema. "Niachie mimi. Kwangu ni kimya. Hataumia tena."

Sitakuficha: sikukataa papo hapo. Nilimtazama Saumu alivyotulia, nikajiuliza kama mimi ndiye ninayemtesa. Halafu Saumu akashuka ngazi ya kwanza, maji yakamfika vifundoni, na hakushtuka. Yeye, ambaye kata moja ya maji ya kuoga humliza. Hapo nikazinduka.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Kelele ni zetu na mtoto ni wetu. Nirudishie."

Akanitazama kwa huruma, wala hakukasirika. "Basi mkono wake utaungoja sana," akasema, akaufungua mkono wake. Nilimrukia Saumu nikambeba, na nilipotazama tena, ngazini hapakuwa na mtu. Saumu alilia njia nzima, akinisukuma kifuani.

Yule mama wa mlangoni aliapa kwamba hakuna mwingine aliyeingia wala kutoka. Nilipomweleza, alinipa maji ya kunywa, akasema tu, "Siku nyingine soma Ayatul Kursiyyu kabla ya kuingia."

Ni miaka miwili sasa. Saumu anasoma, anaongea, na asubuhi za Jumapili tunakwenda ufukweni Msambweni kabla watu hawajafika, hapo hufurahi. Lakini kila alasiri maji yanapojaa, husimama mlangoni kwetu, akanyoosha mkono, vidole wazi. Nami husimama kando yake nikanyoosha wangu, karibu na wake, nisiuguse. Bado hajaushika.

Wewe mwenye mtoto kama wangu, mtafutie pahali patulivu, usiwasikilize wanaokwambia umzoeze kelele. Ila ukichoka, uchunge ulimi wako. Usimwombe asiyejulikana akupokee mtoto, hata kwa kujisemea, maana hujui nani anasikia. Na akija, kataa mara moja. Mimi nilichelewa kwa pumzi chache tu, na mpaka leo sijui kama mwanangu aliona nilivyosita.