Viatu Vilivyoachwa Mlangoni

Chini ya ngazi za jengo moja la maduka, pale ambapo watu wengine wangeweka ndoo na mafagio, palikuwa na fundi viatu ambaye hakuwahi kukosea. Maneno hayo si yangu, ni yake mwenyewe. Alikaa kwenye kigoda, chuma chenye umbo la wayo katikati ya magoti, sindano imechomekwa kwenye ukosi wa shati, na kila kiatu kilichofika mikononi mwake alikipindua kwanza kabla ya kuitikia salamu ya mwenyewe. Alikuwa anasoma soli. Kisigino kilicholiwa kwa nje, alisema, ni cha mtu wa maringo. Kilicholiwa kwa nyuma ni cha mvivu, maana mtu anayeshindwa kuinua mguu wake atainua nini kingine maishani? Soli iliyotoboka katikati ni ya mtu asiyeweza kuamua jambo. Watu walicheka, wakamletea viatu vya wakwe zao na vya mabosi wao ili wapate umbea bila dhambi ya kusengenya. Mara nyingi alipatia. Ukitaja kasoro za binadamu moja baada ya nyingine, mbili tatu hazikosi kumwangukia yeyote.

Na asipopatia? Hapo ndipo ungemjua. Mteja akilalamika, "Fundi, huyo uliyemwita mvivu mbona anaamka kabla ya jogoo," yeye alikata uzi kwa meno, akautema, akasema, "Mimi nimetoa maoni yangu. Maoni hayakosei. Ni yangu." Kwa hiyo akipatia ulikuwa utaalamu, akikosa yalikuwa maoni, na kushindwa hakukuwa na mlango wa kuingilia.

Jirani yake kinyozi, mwenye kibanda cha vioo viwili upande wa pili wa ngazi, alimuunga mkono kwa sababu hakupenda ugomvi na mtu anayeshinda na nyundo mkononi. "Kweli bwana," alisema. "Mteja akiniambia mtindo wa denge unampendeza, nitambishia kwa kipimo gani? Kila mtu na maoni yake."

Fundi alikuwa na mtoto mmoja tu, binti. Mkewe alifariki mtoto angali ananyonya kidole, na tangu hapo mtoto alikulia chini ya zile ngazi, akipanga misumari kwa ukubwa, akisinzia juu ya mabaki ya ngozi. Kwa vile hakubanduka nyuma ya baba yake, watu walimwita Kisigino. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa jibu. Baba akimsomea mtu soli, Kisigino alimnong'oneza, "Na huyu, Baba, anakoroma?" na fundi alicheka mpaka sindano ikamponyoka. Alimpenda mtoto yule kupita kiasi. Aliposikia kwamba kuna mwanamume anataka kumwoa, alipiga nyundo kando ya msumari.

Mwanamume mwenyewe alikuwa mfua nguo wa hospitali. Siku nzima alisukuma mashuka kutoka kwenye mashine hadi kwenye kamba, na ngozi ya vidole vyake ilikuwa imejikunja kwa maji na sabuni. Siku aliyokuja kujitambulisha alivaa suruali iliyopigwa pasi ikasimama, na viatu vyeusi vya ngozi vilivyong'aa. Akavivua mlangoni kama mgeni yeyote mwenye adabu, akaingia na soksi, akaamkia, akakaa kwenye ncha ya kiti.

"Karibu," fundi alisema, kisha akatoka nje kana kwamba kuna mtu aliyemwita. Kupitia dirishani Kisigino alimwona baba yake amechuchumaa mlangoni, kiatu kimoja mkononi, anakigeuzageuza kwenye mwanga.

Alichokiona kilikuwa hiki: ncha za mbele zimesagika, na kisigino cha kushoto kimeliwa upande mpaka kimeinama. Ukimuuliza yeye, hiyo ni miguu ya mtu wa kuondoka, mtu ambaye hata akisimama ameshaelekea mlangoni. Alivirudisha viatu mahali pake, akaingia, wala hakukaa.

"Kijana, wewe si mtu wa kukaa," alisema. "Utamwoa mwanangu na utamwacha. Mimi sikupi."

Mgeni alitazama soksi zake. Kisha akatazama viatu kule mlangoni.

"Baba," Kisigino alisema, "hujamuuliza hata jina."

"La nini? Nimeshamsoma."

"Umekosea."

"Siwezi kukosea. Hayo ni maoni yangu. Utamwambia mtu amekosea kusikia njaa?"

"Njaa ni yako, iko tumboni mwako, hakuna wa kukubishia. Lakini haya unayosema yanamhusu yeye. Ukweli wake hauko tumboni mwako, Baba."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Siku nyingine angejibu kwa mzaha, kwamba guu likivunjika litashonwa, yeye ni binti wa fundi, na fundi aliusubiri mzaha huo. Haukuja. Kisigino aliinama, akamsogezea mgeni viatu vyake, akasimama karibu naye wakati anafunga kamba. Macho yalikuwa yamemjaa machozi.

"Siku utakayosema umekosea, nitakuja mbio," alimwambia baba yake. "Neno hilo tu. Sitaki lingine."

Walioana, wakapanga chumba karibu na hospitali. Fundi hakwenda. Mara moja Kisigino alikuja kibandani na ndara iliyokatika mkanda. Alikaa pale pale alipokuwa akikaa utotoni, baba akamshonea. Kinyozi, aliyekuwa akichungulia kiooni, ameniambia fundi hakuwa na haraka. Alishona mishono zaidi ya iliyohitajika ili mtoto asiondoke upesi. Alipomaliza aliuliza, "Bado yupo?"

"Yupo, Baba."

Fundi akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa mvua bado iko njiani. Kisigino alingoja kidogo, akaona hakuna lingine linalokuja, akavaa ndara yake akaenda.

Nyumbani kitanda cha binti kilikuwa kimetandikwa. Fundi alibadilisha shuka, akaukung'uta mto, akafungua dirisha chumba kipate hewa. Alijiambia anamsubiri mwanawe. Na kweli alimsubiri, lakini hebu tazama vizuri alichokuwa anasubiri. Ili Kisigino arudi kwenye kitanda kile ilibidi kwanza aachwe. Baba mzima, na mapenzi yake yote, alikuwa anangoja mwanawe alizwe ili maoni yake yatimie. Hakuwahi kulitazama jambo hilo kwa upande huo. Angelitazama, naamini angeinuka siku hiyo hiyo akaenda kumpigia hodi.

Siku moja kinyozi alivuka na taulo begani.

"Fundi, nimekutana na mkweo."

"Sina mkwe."

"Haya, nimekutana na mfua nguo. Kisigino anaumwa. Mapafu yamejaa maji. Anakuulizia."

Nyundo ilisimama hewani. "Nani anamuuguza?"

"Mumewe. Anamwogesha, anamlisha, anambeba mgongoni kumpeleka na kumrudisha. Kazini ameomba ruhusa."

Baba mwingine angeshukuru. Fundi alichomwa, kwa sababu hilo silo jibu alilokuwa amejiandaa nalo. Kama kinyozi angesema yuko peke yake, angetupa nyundo akatimua mbio na aproni kiunoni. "Basi ana mtu," alisema. "Nitakwenda nikimaliza kazi." Kazi yenyewe ilikuwa jozi moja ya viatu vya shule. Aliimaliza jioni ile ile, na kesho yake akatafuta nyingine, na nyingine. Nafsi ilimwambia nenda, kiburi kikamwambia ngoja uitwe vizuri. Kinyozi alirudi tena. Alisimama mbele ya kibanda, akamwekea mkono begani, na fundi akajua.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mjukuu hakumpata, majuto aliyapata. Mazikoni alisimama nyuma kabisa, kati ya watu wasiomfahamu, na mama mmoja akamuuliza kwa upole kama naye alikuwa jirani wa marehemu. Akaitikia kwa kichwa. Hakuwa na nguvu ya kusema yeye ni nani.

Matanga yalipokwisha, mfua nguo alikuja chini ya ngazi na mfuko. Alikuwa amekonda, ndevu zimemwota ovyo.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba," fundi alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwitikia.

Kijana alitoa ndara za Kisigino, zile zenye mkanda ulioshonwa mara mbili mbili, akaziweka juu ya meza ya misumari. Kisha akatoa viatu vyeusi vya ngozi.

"Hivi alitaka vikufikie. Nilikuwa sijawahi kumweleza habari zake, naona haya. Nilipomweleza akiwa kitandani alicheka mpaka nikaogopa, kwa jinsi kifua kilivyokuwa. Akasema, 'Mpelekee Baba, lakini usimwambie kitu. Mwache aingize mkono.'"

Fundi alikipindua kiatu kwa mazoea. Soli ilikuwa ile ile aliyoisoma mlangoni, ncha zimesagika, kisigino cha kushoto kimeinama, na haikuwa imeliwa zaidi hata kidogo. Alishangaa. Hakuna mtu anayetembea muda wote huo na soli isilike. Kisha akaingiza mkono ndani, jambo ambalo siku ile hakulifanya. Vidole viligonga kitu kigumu. Alivuta, likatoka gazeti lililokunjwa na kushindiliwa kwenye ncha ya kiatu mpaka likawa kama gome. Akatafuta kwenye kiatu cha pili, namo lilikuwemo. Aliitazama miguu ya mkwewe ndani ya kandambili. Ilikuwa midogo, ingepwaya mle ndani kama mchi kwenye kinu.

"Nilivinunua asubuhi ile kwenye rundo la mitumba," kijana alisema. "Nilikuwa na buti za mpira za kazini tu, nikaona aibu kuja nazo kwako. Havikunitosha, ila vilikuwa na heshima. Sijui vilikuwa vya nani. Sijavivaa tena tangu siku hiyo."

Fundi aliyaweka magazeti mapajani, akayalainisha kwa kiganja, akayakunja tena. Hakujua ayafanye nini.

"Kwa nini hukusema?" aliuliza.

"Nilitaka. Lakini ulisema maoni hayakosei, nikaona basi, hata nikisema viatu si vyangu, kitabadilika nini? Na mtu unamwambiaje baba mkwe kwamba umekuja na viatu usivyovijua mwenyewe?" Aliinama. "Ningesema tu, Baba. Nalala nalo, naamka nalo."

"Si wewe," fundi alisema. "Wewe usijibebeshe. Mimi nilikuwa na mikono miwili pale mlangoni, na kazi yangu ni viatu."

Kinyozi, aliyekuwa amesimama na kitana mkononi akisikia kila kitu, aliona ni wajibu wake kumfariji rafiki. "Usijitese, Fundi. Yalikuwa maoni yako tu. Kila mtu na—"

"Nyamaza!" Fundi alikuwa analia sasa, analia wazi wazi bila kujificha, machozi yanadondokea kwenye ngozi ya kile kiatu. "Nilikosea."

Kinyozi akarudi nyuma hatua moja. Walikuwa majirani tangu nywele zao zikiwa nyeusi, na hakuwahi kulisikia neno hilo likitoka katika kinywa kile.

"Nilikosea," fundi alisema tena kwa sauti kubwa zaidi, kama mtu anayemwita aliye mbali. "Mwanangu, nilikosea."

Ndipo juu ya ngazi zikasikika nyayo za mtu anayeshuka mbio, kandambili zinapiga pa pa pa, na wote watatu wakainua macho kwa pamoja, hata kinyozi, ambaye alikuwa ameshika kamba za jeneza kwa mikono yake mwenyewe.

Alikuwa mteja, anahema, na kiatu kilichobanduka soli mkononi. Fundi alikipokea bila kukipindua.