Siku Nilipojifanya Kompyuta Mbele ya Baba Mkwe

Aibu hii ni yangu na sitamsingizia mtu, ingawa na mwenye shule nina neno naye, maana hasira ya siku ile haijapoa mpaka leo.

Ilikuwa miaka ile soko lilipofunguliwa, watu binafsi wananunua pamba, watu binafsi wanafungua shule, na huyu wetu alifanya yote mawili, akaandika kwenye kibao cha getini pale Bariadi kwamba tunafundisha kompyuta kuanzia darasa la kwanza (kompyuta yenyewe hatukuwa nayo hata moja, na umeme ulikuwa unaishia kwa jirani). Mimi nilikuwa na darasa la tatu. Kwenye semina moja Mwanza nilijifunza namna ya kufundisha bila mashine: unachora vyumba kwa chaki chini, mtu mmoja anakuwa kompyuta, wengine wanaandika amri kwenye kadi, mbele hatua mbili, geuka kulia, okota, rudia mpaka kikapu kijae, na kompyuta inafanya kile tu ilichoamriwa. Watoto waliupenda mchezo ule mpaka wanasahau kengele ya mapumziko. Aliyewazidi wote ni Minza, mtoto wa kaka yake mume wangu, aliyekuwa analelewa na babu yake, yaani baba mkwe wangu. Mzee alikwisha kusema mjukuu wake hakupelekwa shule kucheza, siku ya wazazi atakuja kujionea, na asiporidhika anamhamisha. Nikajisemea, aje tu.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Siku zote kompyuta alikuwa mtoto, lakini siku ile nikaamua niwe mimi, ili wazazi waone mwalimu mzima anavyotii akili za watoto wao, na nikawatangazia kwa majigambo kwamba kompyuta haifikiri, haicheki, haisalimii mtu mpaka iamriwe. Nikasimama uwanjani kwenye chumba cha kwanza cha chaki, mikono ubavuni, macho mbele.

Baba mkwe akachelewa. Akafika nimeshaanza kutembea, akaja mpaka mbele yangu, akasimama kungoja salamu. Nyie mnajua kwetu, mke wa mtoto hamwoni baba mkwe akabaki wima, anapiga magoti na kusalimia hata kama ana ndoo kichwani. Mimi nikabaki wima (nawaza nikiuvunja mchezo sasa hivi, wazazi watasema si tulijua ni upuuzi). Minong'ono ikaanza. Ndipo Minza akaandika kadi mpya haraka haraka, akaisoma kwa sauti.

"Kompyuta, piga magoti. Salimia. Simama. Rudia mpaka babu aitikie."

Jamani, ilikuwa sahihi, hakuna mtoto mwingine ambaye angeiwaza. Nikapiga magoti, nikasema kwa Kisukuma chetu "Mwangaluka, baba" kwa ile sauti kavu ya mashine tuliyoizoea darasani, nikasimama. Mzee kimya. Nikarudia. Kimya, amenuna kwamba anasalimiwa kwa amri ya mtoto. Nami nikaendelea, chini, juu, chini, juu, changarawe zinanichuna magoti, wazazi wanacheka mpaka wanashikana mabega, na mwenye shule anapiga makofi akiwaambia ndiyo hiyo kompyuta yenyewe. Mwisho nikamnong'oneza Minza atoe kadi ya kuzima.

"Babu hajaitikia bado," akasema, akinishangaa.

Mzee akafungua mdomo. "Anayenisalimia ni mke wa mwanangu, au ni kitu?"

Sikujibu, kwa sababu lile lilikuwa swali na si amri (Mungu anisamehe, niliwaza hivyo kweli). Akamshika mjukuu wake mkono, wakaondoka. Hapo ndipo akili ikanirudia, nikawakimbilia mpaka getini, magoti yanavuja damu, naita baba, baba, na hakugeuka.

Niliwachukia wote waliocheka, nikamchukia mwenye shule na kibao chake, lakini kilichoninyima usingizi ni kiburi changu mwenyewe. Jumapili nikaenda nyumbani kwa mzee, nikapiga magoti mlangoni na kumsalimia kwa sauti yangu. Aliitikia mara moja. Akasema mimi nimesamehewa, ila mtoto harudi, amekwisha kumwandikisha kwingine, huko wanakariri na hawachezi.

Minza akanisindikiza mpaka njia panda. Akaniuliza, "Mama mdogo, ile kadi nilikosea wapi?"

Nikamwambia hakukosea popote.

"Sasa mbona nimetolewa mimi?"

Nikamwambia arudi nyumbani kabla babu hajamtafuta. Bado nafundisha, na mchezo ule bado nauchezesha, lakini nimeapa kwamba siku nyingine nikiona unaharibika nitauvunja palepale, wazazi wacheke, mwenye shule anifukuze, kabla haujamwangukia mtoto ambaye hakukosea.