Kamera Iliyoshiba Mahindi

Nimejifunza kupiga picha mwenyewe, kwa hiyo kila kitu nakikagua mara mbili. Nilipoacha kamera ya filamu, nilizunguka maduka ya Singida mjini nikizishika za dijitali. Zote nyepesi nilizikataa. Nikachagua moja nzito, iliyotulia kiganjani.

Mama, anayeuza kuku mnadani, aliipima mkononi kama jogoo.

"Mbona nzito hivi? Kuku wa hivi huwa amelishwa mahindi asubuhi ili apande bei. Umempapasa koo?"

"Mama, hii si kuku. Uzito ndio ubora."

Jumamosi nilipewa kazi yangu ya kwanza ya kupiga picha za harusi, mtaa wa Mandewa. Nikiharibu, hakuna atakayeniita tena. Mama naye alikuja, yeye ndiye aliyeleta kuku. Kabla ya keki kukatwa, nikajidai kwa babu wa bibi harusi.

"Shikamoo, babu. Hebu ishike uone kamera imara."

"Marahaba." Akaipokea, ikamponyoka, ikaangukia meza. Kifuniko cha chini kikafunguka, kikadondoka kipande cha nondo kilichobandikwa kwa gundi.

Ndipo mama akasema kwa sauti, "Mahindi hayo!"