Ufunguo Unaobaki Kikapuni

Nakumbuka siku moja ziwa lilinyamaza tangu asubuhi. Ilikuwa kiangazi, wakati ule ukungu mkavu unapoifuta milima ya Burundi ng'ambo, usijue tena maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Hapakuwa na wimbi hata moja. Ndagala, dagaa wa ziwa letu, zilizoanikwa mchangani zilinuka kama kawaida, kuku walidonoa kama kawaida, lakini mtu akikohoa ufukweni ulimsikia hadi barabarani. Wazee wa Makobola, kijijini kwetu, hawaipendi hali hiyo. Wanasema ziwa likinyamaza, linasikiliza.

Mwanangu Wilondja, acha kwanza kuuzungusha huo ufunguo kidoleni, unanitia kizunguzungu. Najua pikipiki ni mpya, nawe una miaka kumi na sita na barabara zote unaziona fupi. Kesho dada yako anaolewa hapa Kimanga, na baba zako wadogo wameshafika kutoka Kamanyola. Nimewasikia nyuma ya nyumba wakinong'ona kwamba desturi zinapotea, kwamba kesho wataurudisha mrija wa mwenye jina, na kwamba mwenye jina ni wewe. Shangazi yako nimezeeka miguu, si masikio. Ndiyo maana nimekuita kabla hawajakuita wao. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi nimeshalia vya kutosha.

Hujawahi kuuona mrija huo, basi nikueleze. Katika ukoo wetu, penye sherehe, mtungi wa pombe ya mtama uliwekwa katikati ya ua, wazee wakauzunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu. Mrija mmoja uliachwa bila mtu. Huo ulikuwa wa marehemu. Na kwa kuwa marehemu hana tena mdomo, yule aliyepewa jina lake aliitwa kunywa fungu lake, awe mkubwa, awe mdogo. Ukiuliza mbona mnamlevya mtoto, uliambiwa kwamba si mtoto anayekunywa. Jibu hilo lilifunga midomo yote, maana nani atagombana na marehemu?

Siku ile tulikuwa tunamaliza kilio cha babu yetu, Mzee Wilondja. Mwenye jina alikuwa mdogo wangu, huyo ambaye nawe ulipewa jina lake baadaye. Alikuwa na miaka kumi na mitano, mpole, mwenye haya hata ya kuomba chumvi mezani. Baba yetu alimwita "papa", yaani baba, kwa sababu ya jina, nasi tulimtania kwa kumwamkia kama mzee mwenye mvi. Nilimpenda kuliko ndugu zangu wote. Baba yako analijua hilo na alishanisamehe.

Walimwita, wakampa mrija. Mara ya kwanza alikunja uso, watu wakacheka. Wakamwambia anywe tena, mzee hakuwa mtu wa kuacha kitu nusu. Akainama, akakaa muda mrefu amefumba macho. Alipoinua kichwa alikohoa, na kikohozi kile, mwanangu, nilikijua. Kilikuwa cha babu, kikavu, kikifuatwa na mguno kifuani. Kisha akanyoosha mkono bila kumtazama mtu, akaomba fimbo. Ikaletwa fimbo ya babu, akaiegemea huku ameshusha bega la kushoto, vile vile.

Wanawake walipiga vigelegele. Baba mdogo Amisi, aliyemfuata baba yetu kwa kuzaliwa, alifuta machozi akisema, "Papa amerudi." Mimi nilikuwa pembeni naosha sahani. Niliogopa, wala sikujua naogopa nini.

Hapo bibi yetu akatoka ndani. Mjane hakutakiwa kutoka kabla ya kuitwa, lakini alitoka. Watu wakampisha. Akaja hadi kwenye mtungi, akamtazama yule mtoto machoni, na vigelegele vikaisha kimoja kimoja.

"Minye bwana yangu namujua," alisema. "Pombe aliikata zamani, huyu mutoto hajazaliwa. Alikufa hajaionja tena. Sasa huyu mwenye iko anakunywa mu mutoto, ni nani?"

Ilikuwa kweli. Ujanani babu alikuwa mlevi wa kuogopwa, halafu akaacha, na sisi wajukuu tulimjua mzee wa chai na sala tu. Kila mtu mzima pale uani alilijua jambo hilo, na kila mmoja alikuwa amelisahau, kwa sababu desturi ilisema marehemu anywe.

"Mumemuita mwenye nilishazika zamani," bibi akasema.

"Mama, ile ni michezo tu," baba mdogo Amisi alijibu, lakini alisema akiangalia chini.

Mtungi ulikuwa unakaribia kukauka. Mmoja akasema wageni bado wana kiu, mwingine akasema kreti za bia zipo kwa muuzaji mmoja kwenye njia ya Uvira. Mdogo wangu akasimama kabla ya kutumwa. Pikipiki ya baba mdogo ilikuwa langoni, na ufunguo wake, uliofungwa uzi wa bluu, ulikuwa tayari mkononi mwake. Hadi leo hakuna aliyekubali kwamba ndiye aliyempa. Bibi akawahi, akasimama mbele ya gurudumu, akanyoosha kiganja.

"Leta ufunguo."

"Weye mwanamuke," mtoto akasema, "toka mu njia."

Hakupaza sauti. Wilondja wetu hakuwahi kumwita bibi kwa jina lingine ila Koko. Lakini maneno yale bibi aliyajua. Ndivyo mumewe alivyokuwa akimwambia katika miaka ya ulevi, maneno yale yale, kwa sauti ile ile ya chini, na miaka yote hiyo alikuwa akisogea, kwa sababu asiposogea alipigwa. Siku ile, mbele yetu sote, alisogea. Mazoea yana taabu, mwanangu. Aliniambia baadaye kwamba miguu ilikwenda yenyewe, ikawa imeshafika pembeni wakati moyo ndiyo kwanza unakataa.

Tukaisikia pikipiki ikiondoka. Kwa kuwa ziwa lilikuwa kimya, tuliisikia mbali mno, ikipinda na ufukwe, ikipotea nyuma ya mwamba, ikirudi tena. Watu walisimama wakiisikiliza, hata wale waliokuwa wamelewa. Kisha sauti ikakatika. Hatukusikia kishindo. Ilikatika tu, na wimbi moja likapiga mchangani, moja peke yake, ziwa likanyamaza tena. Bibi alikaa chini pale pale langoni akaanza kuomboleza, na hapo hakuna mtu aliyekuwa ameanza kukimbia.

Tulimkuta darajani. Pikipiki ilikuwa imegonga nguzo, naye alikuwa chini kwenye mawe, uso wake umerudi kuwa wa mtoto. Kwa hilo tu namshukuru Mungu, kwamba niliyemwona mwisho ni mdogo wangu na si yule mwingine. Ufunguo haukuwepo mahali pake. Wanaume walichakura mchanga, vijana wakapiga mbizi, wapi! Baba mdogo Amisi alikuwa akizunguka akiuliza ufunguo uko wapi, ufunguo uko wapi, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia kwamba hautamsaidia tena. Majuto ni mjukuu.

Wakati wa kumaliza kilio cha mdogo wangu, hakuna aliyethubutu kuleta mtungi. Lakini watu hawabadiliki kwa msiba mmoja. Wengine walifika wamekunywa njiani, wengine walikuwa na vichupa vya kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji, ndani ya makoti. Bibi akachukua kikapu kitupu cha ndagala, akakiweka magotini, akakaa langoni. Kila aliyekuja na pikipiki alinyooshewa kiganja, na dereva wa lori vilevile. Wapo waliokasirika, wakasema bibi kizee ameingiwa na wazimu. Yeye alinyoosha mkono tu, na safari hii miguu yake haikusogea. Wakati wa kuondoka alimsimamisha kila mtu mbele yake akamnusa pumzi, kama unavyomnusa mtoto aliyeiba sukari. Asiyefaa alionyeshwa mkeka wa kulala hadi asubuhi, hata akiwa mzee wa kanisa.

Jioni, wageni walipokwisha kuchukua funguo zao, na za waliolala zikawekwa kando, nilikwenda kumnyanyua bibi. Kikapuni ulikuwa umebaki ufunguo mmoja. Tuliuliza waliolala na waliokuwa macho, hakuna mwenyewe. Ulikuwa umelowa, na kiangazi kilikuwa hakijaisha. Ulikuwa na uzi wa bluu.

Baba mdogo Amisi aliuona, akaketi chini bila kutafuta kiti. Mimi nilitaka kuutupa ziwani. Bibi akanikamata mkono.

"Uache," alisema. "Amefika. Ametoa ufunguo. Leo amesikia."

Nililia siku ile kuliko siku ya kumzika.

Usiniulize ulifikaje kikapuni. Nilimwuliza padri, yeye akakibariki kikapu tu. Ninachojua ni kwamba tangu hapo kikapu hakikupumzika. Wanawake wapika pombe wa Makobola walikutana wakaapa kwamba hawatatia hata kikombe mkononi mwa mtoto, ametumwa au hakutumwa. Baba mwenye kiu aje na miguu yake. Chefu wa kijiji akaupiga marufuku mrija wa mwenye jina. Nilipoolewa hapa Kimanga nilikuja na kikapu, na waendesha pikipiki wakanicheka, wakaniita Mama Ufunguo. Leo hao hao ndio wanaonishikia lango, na mwenzao akionekana amelewa wanamvua fulana yake ya kazi hadi kesho yake. Hata majirani zetu Waislamu, ambao pombe hawaiweki kwenye harusi zao, huniita nikae mlangoni, maana mgeni hujui alikopitia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi ukuta wetu tulishaujenga makaburini.

Na kila sherehe ya ukoo wetu, ufunguo ule hubaki mwisho. Naufungia kabatini, ndani ya kitambaa. Jioni naukuta kikapuni, umelowa. Zamani nilitetemeka. Siku hizi naukausha kwa kanga yangu, nauambia asante kwa kuja.

Basi sikia nasaha yangu, mwanangu, wazi kabisa, usije kesho ukasema shangazi alizungumza kwa mafumbo. Pombe si ya umri wako, iletwe na rafiki au iletwe na mzee mwenye mvi. Akikuambia si wewe unayekunywa, mwulize atakayezikwa ni nani. Jina ulilopewa ni la watu wawili, mmoja aliiacha pombe akafa na heshima, mwingine ilimwua kabla hajaota ndevu. Hakuna hata mmoja kati yao anayekudai unywe. Siku utakapokuwa mkubwa na ukanywa, shauri lako na Mungu wako, lakini ufunguo usiushike. Usipande nyuma ya aliyelewa kwa kuona haya ya kukataa. Na ukimwona mwenzako anayumba akielekea kwenye pikipiki, simama mbele ya gurudumu, nyoosha kiganja. Atakuambia maneno mabaya. Usisogee.

Baba zako wadogo nitasema nao mwenyewe usiku huu, wasidhani nawaogopa. Lakini mimi nitakuwa langoni na wao watakuwa uani na wewe, kwa hiyo neno la mwisho ni lako. Hilo linaniogopesha, sikufichi.

Hebu nyamaza kidogo. Tangu asubuhi umesikia wimbi? Mimi pia sijasikia.

Mungu akupe miaka aliyonyimwa mwenye jina lako, na zile mvi tulizomtania nazo zikuote wewe, nyingi. Barabara ikupeleke na ikurudishe. Daraja likujue kama mpita njia tu. Kesho ukifika langoni usingoje ninyooshe kiganja. Weka ufunguo wako kikapuni mwenyewe, mdogo wangu akileta wake aukute, asikae peke yake.