Mgeni Asiyeoga Maji

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha Musoma, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, niliachiwa chinchila nimtunze. Alikuwa wa mwalimu mwenzangu wa hisabati, mama wa Kizungu aliyekaa nyumba ya pili kutoka kwangu pale Mwisenge, ambaye alikuwa anakwenda likizo ya wiki tatu. Ni mnyama wa milima ya baridi ya Amerika ya Kusini, mdogo kuliko sungura, mwenye mkia kama wa kindi na manyoya ya kijivu laini mno.

Mwenyewe aliniachia karatasi. Usimshike kwa manyoya, yatang'oka. Usimweke kwenye joto. Usimwoshe kwa maji, kwa sababu manyoya yake yamesongamana, hayakauki upesi hadi ndani, na unyevu huo unaweza kumuua. Anaoga vumbi laini kwenye beseni, mara mbili kwa wiki. Vumbi lenyewe limo kwenye kopo.

Niliisoma karatasi ile kama mtihani. Joto ni kiasi gani? Siku ya kwanza nilihamisha kizimba mara nne nikilikimbia jua. Vumbi nalo nilimpa kila siku, nikihofia mara mbili hazitoshi. Balozi wetu wa nyumba kumi alichungulia dirishani akauliza, "Ndugu mwalimu, na huyu tumwandike?" Nilicheka, kisha nikashinda siku nzima nikijiuliza kama alikuwa anatania.

Wiki ya pili mama yangu alikuja kutoka Bunda na mfuko wa pamba ya shambani kwetu, anishonee mto. Nilimweleza habari zote za yule mnyama isipokuwa ile ya maji. Sikudhani kuna mtu angefikiria kumwogesha.

Kesho yake nilirudi kutoka shule nikamkuta mama barazani, kashika kitu ndani ya khanga. Pembeni palikuwa na beseni la povu.

"Nimemwogesha mgeni wako," alisema. "Amejaa vumbi, mwenyewe akirudi atatuonaje? Kwetu mgeni anaogaga kwanza ndipo anakula."

"Mama, huyu haogi maji. Anaweza kufa."

Aliikunjua khanga upesi. "Sasa unasimama nini? Lete ile pamba."

Nilitaka kuwasha jiko la mkaa. "Karatasi yako inasemaje kuhusu joto?" aliuliza.

"Inakataza."

"Basi weka kiberiti chini."

Alichukua pamba tonge kwa tonge, akaikandamiza juu ya manyoya bila kusugua. Ikilowa aliitupa, akachukua nyingine. Alipuliza manyoya yaachane aione ngozi, akahamia pengine. Mimi nilimshika mnyama kwa woga mpaka kishungi cha manyoya kikabaki mkononi mwangu.

"Usimkabe," mama alisema. "Si yeye aliyekosa."

Kufikia jioni alikuwa mkavu, lakini manyoya yalikuwa yameshikamana, na kopo la vumbi nilikuwa nimelimaliza kwa hofu zangu. Nikapendekeza majivu. Mama alikataa, akasema yatamchoma ngozi. Asubuhi alibomoa kipande cha kichuguu nyuma ya nyumba, akakitwanga, akakichekecha kwa kitambaa mpaka udongo ukawa kama unga. Chinchila aliunusa, akasita, kisha akajigaragaza. Mama aliweka mkono mdomoni asicheke.

Palizi ilikuwa inamsubiri Bunda, lakini hakuondoka. "Kosa ni langu, nitalisema mwenyewe," alisema. Mimi niliandika maelezo ya kurasa mbili, nikayatia kwenye bahasha pamoja na kile kishungi.

Mwalimu aliporudi alimkalisha mnyama mapajani, akaona palipong'oka. Alipuliza manyoya yaachane, akatazama ngozi, sehemu baada ya sehemu, vilevile kama mama alivyofanya.

"Alilowa?" aliuliza.

"Nilimwogesha mimi, mwanangu," mama alisema. "Sikujua. Nikamkausha."

Mwalimu alipuliza tena mahali pamoja, akatia kidole. "Umemkausha hadi ndani," alisema. Kisha akalitazama beseni. "Na vumbi hili mmelipata wapi?"

Mama alichukua kile kitambaa, akamtangulia kwenda nyuma ya nyumba. Mimi nilibaki na chinchila, bahasha ikiwa bado mfukoni.