Wiki Tatu za Kunyamaza

Mwanangu, kuna Ijumaa moja ambayo sijaweza kuisahau, ingawa kichwa kimeanza kuota mvi na Jeddah niliiacha miaka mingi iliyopita. Nilikuwa mtaa wa Sharafiya, kwenye hoteli ndogo tulikozoea kukutana Wakenya siku ya mapumziko, sahani ya wali iko mbele yangu, simu ikalia. Alikuwa kaka yake Nafula, kutoka Bungoma.

"Mwambie dada yetu mama ametuacha," akasema. "Simu yake haiingii."

Nafula alikuwa mfanyakazi wa ndani katika nyumba niliyokuwa dereva, mtaa wa Al-Rawdah. Simu yake madam aliichukua tangu mwezi wake wa kwanza. Mara mbili, tukishusha mifuko ya sokoni garini, alikuwa ameniomba: "Kaka Wekesa, wewe baba mwenye nyumba anakusikiliza. Niombee simu dakika tano tu, mama yangu ni mgonjwa." Mara zote mbili nilimjibu, "Nitaona."

Sikuona chochote. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, miaka ile maajenti walipokuwa wakitusomba kwa makundi kutoka nyumbani, na kazi ile nilikuwa nimeingoja sana. Pasipoti yangu ilikuwa kabatini kwa kafili, mwajiri aliyenidhamini. Dereva aliyeingilia mambo ya madam hakuumaliza mwezi kazini, hilo tulilijua wote. Ningempa Nafula habari ile, madam angejua imepitia kwangu. Basi nikajiambia, nitamwambia kesho. Wiki ikapita, ikaja ya pili, ikaja ya tatu. Kila asubuhi Nafula aliwaleta watoto garini na kunisalimu, nami nikawa nafuta kioo kisicho na vumbi.

Siku hizo nilikuwa pia nikimrudisha nyumbani Mwalimu Doris, aliyewafundisha watoto wa baba, kwa kuwa wakati ule wanawake hawakuruhusiwa kuendesha gari kule. Alikuwa Mmarekani mweusi, miaka sitini na kitu, na tulizungumza Kiingereza. Alasiri moja nikapita taa nyekundu bila kuiona.

"Simama pembeni," akasema. "Una nini wewe?"

Nikamwambia yote. Aliniacha nimalize.

"Nilikuwa na miaka tisa," akasema. "Kwetu ilikuwa imeamriwa watoto weusi tusome shule moja na wazungu, nami nikawa wa kwanza mtaani. Watu walijipanga nje wakinizomea. Sura zao nimezisahau. Lakini palikuwa na mzee aliyeleta maziwa pale shuleni, mweusi kama mimi, aliyekuwa akila kwetu kila Jumapili. Nikamwita. Akageuza uso, akaingia ndani na kreti zake. Alikuwa na watoto wa kulisha, najua, na mama yangu alimsamehe. Ila mpaka leo natamani angesema tu, 'Habari ya asubuhi, Doris.'"

Akafuta miwani yake. "Watu hudhani haki zetu zililetwa na waliohutubia. Hao walikuwa wachache, Wekesa. Zililetwa na wapishi na madereva waliochoka kugeuza uso. Haya, yalla, washa gari."

Baba alikuwa akifanya kazi Riyadh na kuja Jeddah mwisho wa wiki. Alhamisi hiyo nilipompokea uwanja wa ndege, nikamwambia mama yake Nafula amefariki, na kwamba simu ya Nafula iko kwa madam.

"Lini?" akauliza.

"Wiki tatu, baba."

"Na wewe umejua wiki tatu?"

"Ndiyo, baba."

Nikaendesha hadi nyumbani. Alipofika aliitaka kwa madam ile simu kabla hata ya kuketi, akampa Nafula mwenyewe. Kilio chake nilikisikia nikiwa nje, mlango wa jikoni. Baadaye Nafula akatoka.

"Kaka, ulijua lini?"

Nikamwambia.

"Wiki tatu nimekuwa nikimwombea mama apone," akasema. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Wiki tatu nzima."

Baba alimkatia tiketi, naye Nafula akaenda kwao, mazishi yamekwisha pita. Mimi madam hakutaka kuniona tena, nikahamishiwa Riyadh kuendesha lori la ghala. Nilichokiogopa kilinipata, mwanangu, na kilikuwa kidogo kuliko nilivyokiogopa. Kule niliijaribu namba ya Nafula mpaka nikachoka. Niliporudi Kenya nilikwenda Bungoma, nikaambiwa ameolewa mbali. Niliacha salamu, jibu halijaja. Mwalimu Doris naye alirudi kwao bila sisi kuagana. Jioni nyingine nikikaa peke yangu natamani tungekaa sote watatu mahali pamoja, hata kwa kikombe kimoja cha chai, niseme nilichoshindwa kusema.

Wewe unakwenda kule wiki ijayo. Sikuambii uwe shujaa, wala uwatukane waliokuajiri. Wengine ni watu wema, nimewaona. Nakuambia hivi: mwenzako akikuomba umsemee, msemee siku hiyo hiyo, kwa adabu, ukiwa bado unatetemeka. Ukiwa na habari yake, mpe, hata ikiwa chungu. Kupumua kidogo tulikonako leo sisi wafanyakazi wa ugenini kumetokana na watu wa kawaida waliosema wakiwa na hofu.

Mungu akutangulie njiani. Akupe ulimi usiochelewa, akulinde na wakubwa wabaya, na akurudishe mlangoni kwa mama yako umkute mzima, akikuita kwa jina lako. Amina.