Bibi Debe wa Bure na Bibi Debe wa Kulipia

Bochaberi Onsongo hakuwa mtu wa kukumbuka majina. Alikumbuka pua. Ungemtajia mwalimu fulani wa Awendo akabaki kukutumbulia macho, lakini ukimwambia "yule mwenye pua iliyolala upande," papo hapo angeshika kalamu akakuchorea mtu mzima mpaka na kola ya shati. Kwao Kisii walimwona mvivu wa shamba. Alipohamia mjini Migori na kuajiriwa karani wa kupiga chapa katika ofisi ndogo ya mradi wa maji, pua zile ndizo zilizomfanya ajulikane.

Mwaka wa 1997 ofisi ililetewa kompyuta. Wenzake waliitumia kuandikia barua. Bochaberi akagundua humo programu ya kuchorea iliyokuja na mashine yenyewe, ya bure, ambayo hakuna aliyewahi kuigusa. Kuchora kwa kipanya kulikuwa kama kuchora kwa mche wa sabuni, na ukikosea ungeweza kurudi nyuma hatua tatu tu. Ya nne imekula kwako. Uso mmoja ulimchukua wiki nzima, kidoti kwa kidoti. Mwishowe akatokea Bibi Debe, kikongwe mwenye pengo na debe kichwani, mwenye kazi moja tu duniani: kuwagombeza wanaokunywa maji ya mto bila kuyachemsha. Vijitabu vyake vya fotokopi vilifika mpaka soko la ng'ombe la Ogwedhi. Watu walimcheka Bibi Debe, kisha wakaenda nyumbani kuchemsha maji.

Mwaka uliofuata makao makuu ya mradi, huko Homa Bay, yaliamua kuajiri mchoraji mmoja wa kudumu. Madam Benta, mkuu wa vijitabu, alitaka pia kujua kama waendelee na programu ya bure au wanunue ya kulipia. Basi akaagiza Bibi Debe achorwe kwa zote mbili, komiti ilinganishe, na mwenye picha itakayoshinda apewe kazi. Bochaberi aliitaka kazi ile mpaka ikamkosesha usingizi, akaazimia kuzichora zote mbili mwenyewe. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na hakuna aliyewahi kumwita mchoraji. Aliitwa karani.

Programu ya kulipia ilikuwa moja tu pale Migori, kwa Zablon Magige, aliyekuwa na duka la kuchapa kadi za harusi karibu na posta. Zablon alikuwa mcheshi, mkarimu wa chai, rafiki wa kila mtu. Hakuweza kuchora hata yai.

"Dada, wewe njoo tu," alimwambia. "Hiyo mashine hesabu ni yako."

Akaenda siku nne mfululizo, jioni, baada ya kazi za ofisi. Nani asingemshukuru mtu kama huyo? Ile programu ilimshangaza. Mstari ulipinda pale ulipotaka upinde, na ungeweza kumkuza Bibi Debe akajaa ukuta mzima bila kingo zake kuwa ngazi ngazi, ugonjwa ambao ile ya bure haikuwahi kupona. Ukikosea ulirudi nyuma mpaka asubuhi. Lakini ilikuwa nadhifu kupita kiasi. Ilitaka kumnyoosha kikongwe makunyanzi, na Bochaberi akagombana nayo siku mbili nzima kumrudishia uzee wake. Alimweleza Zablon yote bila kuficha: ya bure ina uhai lakini haikuzwi, ya kulipia inakuzwa lakini lazima uilazimishe iwe na uhai. Zablon akatikisa kichwa na kunywa chai yake.

Komiti ilipangiwa Jumamosi, siku ambayo walimu na wazee wake walikuwa na nafasi. Bochaberi ni Msabato. Ijumaa jua likianza kuinama yeye huwa ameshafua, ameshapika, ameshafunga shughuli zote za dunia. Zablon ni Mkatoliki, na Jumamosi kwake ni siku kama nyingine.

"Mimi nitapeleka," akasema. "Wewe enda uombe, dada. Utuombee na sisi."

Saa kumi na moja za jioni, akiwa na haraka ya kuliwahi jua, Bochaberi alibandika vikaratasi kwenye diski mbili. Kimoja akaandika BURE, kingine KULIPIA. Jina lake hakuliandika popote. Aliona ni programu zinazoshindanishwa, si watu. Kesho yake aliimba kanisani kwa moyo mweupe kabisa.

Jumanne alifika Homa Bay kupokea jibu. Madam Benta alikuwa ameziweka picha mbili mezani. Ya kulipia, iliyochapwa dukani kwa Zablon, ilikuwa na maandishi madogo chini, ambayo programu ile huyachapa yenyewe kila inapotoa karatasi: jina la mwenye programu, Zablon Magige.

"Yawa, Bochaberi, hii yako ya bure tumeipenda," alisema Madam Benta kwa upole. "Lakini si unaona mwenyewe? Ya Zablon imeiva. Komiti yote ilisema hivyo."

"Madam, zote mbili ni zangu."

Madam Benta alimwangalia kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyomchoma Bochaberi kuliko tusi. Akavuta karatasi na penseli. Pale pale, bila kuinua mkono, akamchora Bibi Debe na pengo lake na hasira zake.

Madam Benta akaichukua picha, akaisogeza karibu na ile ya kulipia.

"Kweli unaiga vizuri," akasema. "Zablon anaweza kukufunza."

Ndivyo Bochaberi alivyoshindwa na mkono wake mwenyewe.

Zablon hakujificha. Alikuja nyumbani kwake Jumapili na mkate na maziwa, akakaa pembeni ya kiti.

"Dada, jina langu lilikuwa tayari kwa hiyo karatasi. Wakaanza kunipongeza, wazee wazima, wananishika mkono. Ningewaaibisha aje?"

"Ukaona afadhali uniaibishe mimi."

Zablon akausogeza mkate mezani. Kisha akatoa yaliyomleta. "Sasa wanataka Bibi Debe akiwa amekaa chini, anaosha mikono. Nichoree hiyo moja tu. Tutaelewana."

Kweli asante ya punda ni mateke. Bochaberi alihisi machozi yakipanda na akayaacha yashuke mbele yake, maana hakuwa na sababu ya kuyaficha.

"Enda kwanza Homa Bay uwaambie nani alimchora," akasema. "Ukirudi nitakuchorea akiwa amekaa, amelala, akicheza ngoma, vyovyote utakavyo."

Zablon alisema atafikiria. Akaondoka, mkate akauacha.

Miezi mitatu baadaye kijitabu kipya kilifika Migori, kwenye karatasi nzuri inayong'aa. Bochaberi akakifungua mezani pake, kwenye mashine ya kupigia chapa. Ukurasa wa kwanza Bibi Debe amesimama. Wa pili amesimama, na beseni la kuoshea mikono limewekwa mbali naye. Wa tano anaumwa kipindupindu, na picha ile ile imelazwa kitandani, debe likiwa bado kichwani, mdomo wazi, anagombeza dari.

Aliusubiri mwezi ule uishe, na uliofuata, akiamini kuna mtu Homa Bay atakayeshangaa. Vijitabu viligawiwa vyote, vikachapwa tena, na hakuna aliyeuliza.